Kahawa ya mpakani Kasumbalesa: faida iliyozaliwa kwenye foleni

KASUMBALESA, Katanga ya Juu – Alfajiri, kabla ofisi za forodha hazijafunguliwa, makala yamekwisha kushika moto kando ya barabara. Akina mama wanamimina kahawa kwenye termosi, wanapanga vikombe na vitumbua juu ya meza, halafu wanangoja. Wateja wa kwanza ni madereva waliolala ndani ya malori yao, Mtanzania kwa Mzambia kwa Mkongomani. Nyuma yao wanakuja wadeklara, wabadilishaji wa pesa na wabeba mizigo.

Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini historia yake ni ndefu kuliko umri wa mji wenyewe. Historia hiyo inaeleza jambo ambalo kila mkaaji wa Kasumbalesa amelishuhudia: mama wawili wanaanza na meza zinazofanana, barabara ileile, na baada ya mwaka mmoja amelipa karo za watoto huku mwingine akiwa hana hata pesa ya kununua sukari.

Mbegu ya Kongo, faida ya wengine

Watu wengi hudhani kahawa ililetwa Kongo na Wazungu. Hilo ni kweli kwa arabika, ambayo walowezi walianza kuipanda kwenye milima ya Kivu katika miaka ya 1920 na 1930. Robusta ni mwenyeji. Ilikuwa inaota yenyewe katika misitu ya bonde la Kongo. Karibu na mwaka wa 1900, kampuni ya Linden ya Brussels, iliyokuwa ikiuza mimea, iliichukua miche ya Kongo na kuiuza kwa jina la robusta kwa sababu ya nguvu zake. Ikapelekwa hadi Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu mashamba ya arabika. Kutoka hapo ikaenea sehemu nyingi za dunia.

Mbegu hiyo ilitajirisha wengi, lakini mkulima wa Kongo hakuwa mmoja wao. Alilima, akavuna, akauza. Kuikaanga, kuisaga, kuipima na kuimimina kwenye kikombe zilikuwa kazi za mtu mwingine, na pesa nzuri zilikuwa huko. Hata Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mikahawa ya katikati ya mji ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliyekuwa akiishi Kamalondo alipita mbele ya meza zile akienda kazini, lakini hakukaa.

Wakati huohuo, pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na desturi nyingine. Mombasa na Zanzibar, muuza kahawa hakuhitaji jengo. Alibeba dele lake la shaba lenye makaa chini yake, akagonganisha vikombe vidogo vya kauri ili watu wasikie, akawafuata wateja barazani. Kahawa ilikuwa chungu, bila sukari; utamu ulitoka kwenye kashata au tende, na kila kimoja kililipiwa peke yake. Kikombe kilikuwa kidogo, bei ndogo, lakini mteja alikunywa viwili, vitatu, na kesho yake alirudi kwa ajili ya mazungumzo. Jaws Corner, kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu bado wanakaa hivyo hadi leo. Muuzaji wa pwani alikuwa amefahamu mapema kwamba faida inatoka kwa mtu anayerudi.

Reli, mgodi na meza za akina mama

Reli kutoka kusini iliingia Katanga kwa njia ya Sakania na kufika Elisabethville mwaka wa 1910. Kwa miaka mingi shaba ilisafiri kwa treni, na Kasumbalesa, iliyo kilometa kama 90 kutoka Lubumbashi, ilikuwa mahali pa kupita tu. Familia ya mfanyakazi wa mgodi iliishi kwa mshahara wa baba na poso ya kampuni. Haikuwa na sababu kubwa ya kuweka meza barabarani.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1970. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza zairianisation: mashamba na maduka ya wageni yakakabidhiwa Wazaire, wengi wao wakiwa watu wasiojua kazi hiyo. Mashamba mengi ya kahawa yakaachwa yageuke pori. Mwaka wa 1975, vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, na mizigo ya Katanga ikabidi itafute njia za kusini na mashariki. Julai 1989, makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Ugonjwa wa kunyausha mibuni ukamalizia robusta katika maeneo mengi ya kaskazini-mashariki.

Katanga nayo iliumia. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka wa 1990 na uzalishaji wa Gécamines ukaporomoka. Oktoba 1993, serikali ilileta zaire mpya: moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni tatu. Mtu aliyekuwa ameweka akiba ndani ya godoro aliamka maskini. Mwaka wa 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, kila mmoja na kiasi chake mkononi.

Hapo ndipo meza zilipoongezeka. Mshahara wa baba ulipokatika, mama aliuza unga, mafuta, makala, chai na kahawa. Malewa, yaani vibanda vya kulia kando ya njia, vikawa ndivyo vinavyolisha nyumba. Biashara ya kahawa ya mpakani ilianza kwa sababu poso ilikuwa imekwisha.

Foleni inageuka soko

Baada ya sheria ya madini ya 2002, makampuni ya kigeni yalirudi Katanga. Reli ilikuwa imechakaa, kwa hiyo shaba na kobalti vilipakiwa kwenye malori. Malori yakatoka Dar es Salaam kupitia Tunduma, mengine kutoka Durban, yote yakielekea mlango mmoja: Kasumbalesa. Foleni ikawa ya siku nyingi, na nyakati nyingine ikaenea kwa kilometa nyingi upande wa Zambia.

Foleni ni hasara kwa mwenye lori. Dereva anapoteza siku, mizigo inachelewa, wezi wanazunguka usiku. Lakini kwa mwenye termosi, dereva aliyekwama ni mteja wa asubuhi, wa mchana na wa usiku. Sehemu kubwa ya mapato ya meza hizo yalitokana na kungoja kwa watu wengine.

Mapato ya namna hiyo hayamtii mwenye meza. Agosti 2024, Zambia ilifunga vituo vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, kufuatia mvutano juu ya uamuzi wa Kongo wa kuzuia baadhi ya vinywaji kutoka nje. Kwa siku hizo chache mzunguko wa pesa ulisimama pande zote mbili. Mama ambaye wateja wake wote walikuwa madereva hakuwa na wa kumuuzia. Yule aliyekuwa na walimu, mafundi na majirani aliendelea kuchemsha maji, hata kama ni kidogo.

Hesabu ya kilo moja

Faida huanza kwenye kipimo. Kilo moja ya kahawa mbichi ikikaangwa hupoteza maji, na hubaki kama gramu 800 hadi 850. Kwa gramu 10 kila kikombe, hiyo ni vikombe 80 au zaidi kidogo. Mteja akitia vijiko viwili vya sukari, ni karibu gramu 10 nyingine. Maana yake, kwa kila vikombe 80, sukari inayokwenda ina uzito sawa na kahawa yenyewe. Wauzaji wengi wanajua walichotoa kununua kahawa. Wachache wanajua walichotoa kwa sukari, kwa sababu kopo linaachwa mezani na kila mtu anajichotea.

Sukari nyingi ya hapa inatoka Zambia, nayo hununuliwa kwa kwacha. Kahawa inauzwa kwa franka. Anayehesabu kwa franka peke yake anaweza kuona pesa zimejaa sandukuni jioni, halafu asubuhi akafika kwa mbadilishaji na kukuta haziwezi kununua tena mfuko uleule. Waliodumu katika kazi hii wana desturi moja: wananunua kwanza sukari na makala ya kesho, ndipo wanahesabu kilichobaki kama faida.

Makala nayo yanakula. Maji yakichemshwa mara moja na kuhifadhiwa kwenye termosi nzuri, mfuko unadumu. Yakichemshwa upya kwa kila mteja, faida inageuka moshi. Halafu kuna madeni. Jirani anayekopa kikombe ataonekana kesho. Dereva anayekopa vikombe vitano anaweza kupata karatasi zake saa nane za usiku na kuondoka, na hakuna atakayemfuata hadi Ndola.

Jambo jingine ni chakula. Java House ya Nairobi ilianza mwaka wa 1999 kama nyumba ya kahawa, katika nchi inayolima kahawa lakini watu wake wanapenda chai. Ilikua kwa kuweka chakula kamili pembeni ya kahawa. Mezani Kasumbalesa ni vilevile: kahawa inamwita mtu, na kitumbua ndicho kinachomfanya atoe noti ya pili. Ndiyo kashata ya Zanzibar kwa jina lingine.

Waliotoka Kivu na ujuzi wao

Kuna watu mjini na jirani zake wanaoijua kahawa kuliko wenye termosi wote. Vita vya Kivu viliwaondoa watu Minova na Goma mwezi wa kwanza wa 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili. Kati ya familia zilizokimbia, nyingine zimefika hadi Katanga. Baadhi ya watu wa milima ile walikua kati ya mibuni.

Historia yao ni ya uchungu. Kwa miaka mingi, wakulima wa kando ya Ziwa Kivu na kisiwa cha Idjwi walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa sababu kodi za kwao zilikuwa nyingi na bei ilikuwa mbaya. Mitumbwi ilipinduka, watu wakafa maji, wakaacha wajane. Kutokana na maisha hayo ulizaliwa mwaka wa 2003 ushirika wa SOPACDI kule Minova, ambao ulijenga kituo cha kuosha kahawa na kuwatafutia wanachama wanunuzi wa nje waliolipa bei bora. Bei ilipopanda nyumbani, sababu ya kuingia mtumbwini usiku ilipungua.

Moshi, Tanzania, chama cha wakulima cha KNCU kilisonga hatua moja mbele. Wakulima wa Kilimanjaro, ambao walianza kujikusanya mwaka wa 1925, leo wana mkahawa wao mjini, Union Café, ambako kahawa ya wanachama inakaangwa na kunywewa palepale. Mbegu, moto na kikombe viko katika mkono mmoja.

Kasumbalesa haina shamba la kahawa, lakini ina wateja. Kwa sasa meza nyingi zinauza kahawa ya unga ya kopo, iliyotengenezwa mbali. Mtu wa Kivu anayejua kuchagua punje, kukaanga bila kuunguza na kusaga kiasi cha siku hiyo tu, ana kitu ambacho kopo halina: harufu inayofika barabarani kabla ya mwenye kuuza hajafungua mdomo. Akiungana na mama wa hapa mwenye meza, wateja na nafasi yake katika likelemba, wawili hao wanaweza kununua kahawa mbichi kwa gunia badala ya kununua kopo moja moja kwa bei ya dukani.

Foleni ikipungua

Swali hilo lina haraka. Reli ya kwenda Lobito, Angola, imepewa waendeshaji wapya kwa miaka 30 tangu 2022, na shaba imeanza kupita huko. Barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, pamoja na daraja la mto Luapula, inalenga kuwafupishia safari madereva wa Dar es Salaam bila kupita Kasumbalesa. Kila njia mpya inayofunguka inawaondoa madereva fulani kwenye meza za alfajiri.

Kwa dereva na kwa nchi, hiyo ni habari njema. Kwa mwenye termosi, ni onyo la mapema, na onyo la mapema ni zawadi: wafanyakazi wa Gécamines hawakupewa. Mji wenyewe hautaondoka na malori. Watoto wataenda shule, mafundi watafungua karakana, wadeklara wataamka na usingizi machoni. Mama anayejua leo kilo yake inatoa vikombe vingapi, na anayemjua kwa jina jirani anayepita saa kumi na mbili kasoro, atakuwa bado na maji motoni asubuhi ambayo lori la mwisho limepata njia fupi.