Kutoka Kanuni hadi Kiwanda: Msawazo wa Kikemia katika Historia ya Uundaji wa Amonia, 1884–1913

Uundaji wa amonia hutajwa mara nyingi kuwa kielelezo cha kanuni aliyoitoa Mfaransa Henry Le Chatelier mwaka 1884. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mfumo uliofikia msawazo, hali zake zinapobadilishwa, huelekea upande unaopunguza athari ya badiliko hilo. Maelezo ya namna hii humfanya msomaji adhani kwamba kiwanda kilizaliwa na kanuni moja kwa moja. Makala hii inapinga dhana hiyo. Hoja yake ni kwamba kanuni ilionyesha mwelekeo tu. Kiasi na kasi vilitafutwa kwa njia nyingine.

Wazo la mmenyuko unaoweza kurudi nyuma lilitangulia kanuni hiyo. Claude Louis Berthollet, aliyekwenda Misri na msafara wa Napoleon mwaka 1798, aliona magadi yakijitengeneza kando ya maziwa ya chumvi yenye mawe ya chokaa, kinyume cha mmenyuko uliozoeleka maabarani. Alihitimisha kwamba wingi wa vitu vinavyokutana huamua mwelekeo wa mmenyuko. Mwaka 1864, Guldberg na Waage wa Norwei waliliweka wazo hilo katika hesabu.

Katika mmenyuko wa amonia, ujazo mmoja wa naitrojeni na mitatu ya haidrojeni hutoa mijazo miwili ya amonia, na joto hutolewa. Kwa hiyo, kanieneo kubwa huongeza amonia, ilhali halijoto ya juu huipunguza. Hapo ndipo ulipo ugumu: katika halijoto ya chini msawazo ni mzuri, lakini gesi hizo karibu hazimenyuki kabisa. Kichocheo huharakisha safari ya kuufikia msawazo, hakiuhamishi.

Le Chatelier mwenyewe alijaribu mwaka 1901 kwa kutumia kanieneo kubwa. Hewa iliyokuwamo katika mitambo ilisababisha mlipuko, naye akaiacha kazi hiyo. Aliyeijua kanuni kuliko wote hakufika. Nchini Ujerumani, Fritz Haber alipata kiasi kidogo mno cha amonia katika halijoto ya nyuzi 1000 hivi za Selsiasi. Mwaka 1907, Walther Nernst alipinga hadharani takwimu zake kuwa kubwa kupita kiasi. Haber na Robert Le Rossignol wakarudia vipimo kwa kanieneo ya angahewa 30. Mgogoro huo wa takwimu, zaidi ya kanuni, ndio uliowapeleka kwenye kanieneo kubwa zaidi.

Julai 1909, mbele ya wajumbe wa kampuni ya BASF mjini Karlsruhe, mtambo wao ulitoa amonia mfululizo kwa kichocheo cha osmiamu. Katika angahewa 200 na nyuzi 500, msawazo huruhusu takriban asilimia 18 tu ya amonia. Haber aliukabili upungufu huo kwa kuipoza na kuiondoa amonia, kisha kuzirudisha gesi zilizobaki kwenye mzunguko, hivyo msawazo haukupewa nafasi ya kutulia.

Hata hivyo, kiwanda kilidai mengine. Alwin Mittasch alifanya majaribio ya maelfu hadi akapata kichocheo cha chuma chenye michanganyiko. Carl Bosch naye alikuta haidrojeni ikiuharibu ukuta wa chuma cha pua cha kaboni, akauwekea bitana ya chuma laini. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913.

Mwaka uliofuata vita vilizuka, na Ujerumani ikakatiwa shura ya Chile. Amonia iliyokusudiwa kuwa mbolea ikageuzwa kuwa malighafi ya baruti. Kwa hiyo, kuisimulia historia hii kama ushindi wa kanuni moja ni kuwafuta waliopima, waliokosea na waliojenga, na pia kuficha kwamba mwelekeo wa matumizi yake uliamuliwa na watu. Msawazo wa gesi una kanuni yake. Matumizi ya zao lake hayakuwa nayo.