Reynisfjara: ufukwe mweusi wa Iceland unaovuta wapiga picha

Msikilizaji, huenda picha hii imewahi kupita kwenye simu yako: mchanga mweusi tititi, na mtu amekaa juu ya nguzo za mawe zilizopangana kama ngazi. Hapo ni Reynisfjara, karibu na kijiji cha Vík, kusini mwa kisiwa cha Iceland. Weusi huo ni wa volkano. Mchanga ni mawe ya lava yaliyosagwa na bahari, na zile nguzo ni lava iliyopasuka ilipokuwa ikipoa. Miamba miwili mitatu imesimama majini. Hadithi za wenyeji husema ni majitu yaliyochelewa kurudi, jua likawakuta wakageuka mawe.

Sasa, kisichoonekana pichani ni wimbi. Yanakuja madogo kadhaa, mtu anazoea, analipa bahari mgongo ili apigwe picha. Ghafla linapanda moja kubwa hadi kwenye nguzo na kumzoa. Maji ni ya baridi kali na yanavuta kuelekea kilindini, hata kwa anayejua kuogelea. Watalii kadhaa wamefia hapo. Siku hizi kuna taa za tahadhari, na ikiwaka nyekundu hakuna kushuka mchangani.

Asiyetaka hatari hiyo huenda Skógafoss, si mbali kwa gari: maporomoko ya mita 60 hivi, na jua likitoka upinde wa mvua huonekana. Mwezi Juni mwanga wa kupigia picha upo hata saa sita usiku.