Kijivu cha Manowari

Rangi ambazo Kiswahili kimezipa vivumishi vya asili, vyenye kupatana na jina kwa kiambishi, ni tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine hutajwa kwa kufananishwa na vitu, na kijivu kimetoka katika majivu. Ufananisho huo ni mwema, kwani jivu halina mng'ao. Na kutong'aa ndiko kulikotafutwa na waunda manowari wakati mizinga ilipoanza kupiga mbali.

Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilipambwa ili zionekane: ubavu mweusi, sehemu za juu nyeupe, dohani za manjano. Zilizopelekwa nchi za joto zilipakwa nyeupe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliiacha fahari hiyo, wakachukua kijivu.

Faida yake ilidhihirika Tsushima, tarehe 27 na 28 Mei 1905. Merikebu za Warusi zilikuwa nyeusi zenye dohani za manjano. Za Wajapani zilikuwa za kijivu. Si haki kusema kwamba rangi ndiyo iliyowashinda Warusi, maana uhodari wa wapiga mizinga na uchovu wa safari ndefu vilikuwa na uzito zaidi. Hata hivyo, dohani zile zilikuwa alama safi ya kulenga. Marekani ilichelewa: manowari zake 16 zilizozunguka dunia tangu Desemba 1907 hata Februari 1909 zilikuwa nyeupe, na gubeti zake zimenakshiwa kwa rangi ya dhahabu. Baada ya kurejea zikapakwa kijivu.

Lakini kijivu ni suluhu tu baina ya mbingu na bahari. Jua likiwa nyuma ya merikebu, hata iliyopakwa nyeupe huonekana nyeusi. Kwa hiyo mwaka 1917 mchoraji Norman Wilkinson alikata tamaa ya kuzificha merikebu, akazichora mistari mikubwa iliyopingana, ili nahodha wa nyambizi akosee kukadiria zinakoelekea.

Miaka miwili kabla yake, katika delta ya Rufiji, haja ilikuwa nyingine kabisa. Huko hapakuwa na upeo wa bahari wa kufananishwa nao, bali mikoko. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifunikwa matawi, na kutoka baharini haikuonekana. Ndege za Kiingereza ziliiona kutoka juu, zikawaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe.