Picha ya kiboko imeingia kwenye grupu: Jinsi ya kutoa na kupokea maoni yanayojenga

Umefika Sitalike, kiboko kafungua mdomo, umepiga picha kwa simu na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Majibu yanaingia: "Noma sana!", "Umetisha!" Halafu mmoja anaandika: "Mbona haieleweki?" Unanuna, mada inabadilika, na hakuna ulichojifunza.

Sifa tupu na kuponda vinafanana kwa jambo moja: vyote havikuambii ufanye nini safari ijayo. Na kwa picha za wanyamapori, maoni yasiyofikiriwa yanaweza hata kumponza mtu.

Maoni yanayojenga ni yapi?

Ni maoni yenye mambo matatu: kilichopendeza, kilichokwama, na kitu kimoja cha kujaribu. Yanaongelea picha, siyo mtu aliyeipiga wala bei ya simu yake.

Picha za Katavi na makosa yake

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Makao yake makuu yako Sitalike, kusini mwa mji wa Mpanda. Kiangazi, maji ya Mto Katuma yakipungua, viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki.

Ndiyo picha inayotafutwa na wengi, na kosa lake linajirudia: jua la mchana likiwa kali, viboko wanatoka kama lundo jeusi na anga linakuwa jeupe pee.

Kabla hujakosoa

*Omba picha halisi.* WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Mwambie mwenzako aitume kama dokumenti. Usije ukamlaumu kwa ukungu ulioletwa na programu.

*Uliza alikuwa anatafuta nini.* Aliyetaka kuonyesha wingi wa viboko hasaidiki ukimwambia angempiga mmoja tu.

*Chagua mahali.* Kama ni mgeni kwenye grupu, kosa kubwa mwambie inboksi. Sifa mpe mbele za watu.

Sema hivi

Badala ya "mbona giza?", andika hivi: "Dada, mdomo umeudaka kwa wakati wake kabisa. Ila mgongo umekuwa mweusi, ngozi haionekani. Ukienda tena, mguse kiboko kwenye skrini kabla ya kupiga, simu ipime mwanga wake badala ya wa anga."

Maneno hayazidi 30, lakini yana sifa, kasoro na dawa yake. Mambo mengine saba uliyoyaona yaache kwanza. Mtu akipewa makosa nane kwa mkupuo, harekebishi hata moja.

Angalia pia kama ushauri wako unafaa mahali alipo mpiga picha. Mpanda iko magharibi mwa nchi, jua huchomoza na kuzama karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam. Rafiki wa Dar akikwambia mwezi Julai uwe umeanza kupiga saa 12 na nusu asubuhi, utakuta jua bado halijatoka. Amelenga sawa kusema mwanga wa asubuhi ni mzuri, ila saa zake ni za kwao.

"Ungesogea karibu kidogo"

Hili ndilo neno la kuacha. Kiboko mkubwa ana uzito unaozidi tani moja, na nchi kavu anakimbia kuliko watu wengi. Jioni hutoka majini kwenda kula majani, na ukisimama kati yake na maji umeziba njia yake ya kukimbilia. Mtu anayetafuta sifa za grupu anaweza kuufuata ushauri wako hatua moja zaidi ya inavyotakiwa.

Mwambie hivi: "Ikate pembeni kiboko aonekane mkubwa", au "acha mto na ndege waonekane, picha itasimulia zaidi". Na ikija picha inayoonyesha mtu kashuka kwenye gari mahali pasiporuhusiwa hifadhini, usiisifie hata kama ni kali. Ukimsifia, unamtuma arudie, na wenzake wamfuate.

Ukiwa wewe ndiye unayepokea

*Omba maoni mahususi.* "Mnaionaje?" huleta emoji. "Naomba maoni kuhusu mwanga" huleta msaada.

*Usikimbilie kujitetea.* "Simu yangu ya bei rahisi" inafunga mazungumzo. Soma, kaa kimya kidogo, kisha uliza: "Unamaanisha sehemu gani ya picha?"

*Tenganisha kasoro na ladha.* Jicho la mnyama kukosa fokasi ni kasoro. "Mimi ningeweka rangi nyeusi na nyeupe" ni ladha, unaweza kushukuru na kuendelea na yako.

*Hesabu sauti.* Watu watatu wakigusa jambo lile lile bila kuambizana, lifanyie kazi. Wakipingana, amua mwenyewe.

*Rudisha majibu.* Ukijaribu ushauri, tuma picha mbili, ya zamani na mpya. Aliyekushauri ataona kama dawa yake imeponya, na wengine watajifunza.

Kumbuka

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mpiga picha naye ni hivyo hivyo, akisikia "noma sana" kila siku atabaki pale pale. Leo ikija picha kwenye grupu, kabla hujabonyeza emoji, mwandikie mwenzako sentensi moja ya kumsaidia apige nzuri zaidi na arudi nyumbani salama.