Popo Hapigiwi Muhuri

Ukivuka mpaka pale Suam, ubavuni mwa Mlima Elgon, utaulizwa kitambulisho au paspoti. Hakuna atakayekuuliza umeingia pango gani. Nikisoma historia, naona hilo ndilo swali lenyewe.

Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya alitembelea pango la Kitum, hapo Elgon. Marburg ikamuua. Mwaka 1987 ikamuua mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark, naye alikuwa amepita Kitum.

Desemba 2007, Mmarekani aliingia pango lenye popo wengi katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Aliugua akiwa kwao Colorado, akapona, bila ugonjwa kujulikana. Pango likabaki wazi. Juni 2008 mwanamke Mholanzi akaingia humo humo. Julai akafariki kwao. Ni baada ya kusikia habari zake ndipo yule Mmarekani akapimwa tena. Ilikuwa Marburg.

Virusi hivi hubebwa na popo, na hujificha mwilini siku 2 hadi 21: muda tosha wa kuvuka mipaka kadhaa. Kwa hivyo wasee wa mapango, wekeni tarehe na jina la pango kwa simu. Homa ikikushika, mwambie daktari hayo kabla hajasema ni malaria tu.