Nusukaputi si Usingizi

Katika wodi ya upasuaji mtu husikia maneno matatu yakitajwa kwa jambo ambalo wengi hulidhani kuwa moja. Bibi aliyefanyiwa upasuaji zamani atasimulia kwamba alipigwa nusukaputi. Daktari wa meno atasema, "Subiri kidogo, ganzi ishike." Na asubuhi ya operesheni, kando ya kitanda chako, atakuja mtu na kujitambulisha kuwa ndiye daktari wa usingizi. Maneno yote hayo hutumika kutafsiri istilahi moja ya kitaalamu, anesthesia. Hata hivyo si visawe, na hilo la tatu, ambalo siku hizi ndilo linalopendwa, ndilo lililo mbali zaidi na ukweli.

Anesthesia ni neno lenye asili ya Kigiriki, na maana yake ni kutohisi. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa eta, na mpasuaji John Warren akakata uvimbe shingoni mwake mbele ya madaktari waliozoea kusikia mayowe. Wiki chache baadaye Oliver Wendell Holmes, daktari aliyekuwa pia mshairi, alimwandikia Morton akapendekeza hali ile iitwe anesthesia. Hakuchagua neno la kulala. Alichagua la kutohisi.

Kiswahili nacho hakikuanza na usingizi. Nusu ni neno la Kiarabu lililokwisha kuwa letu. Kaputi limetokana na kaputt la Kijerumani, yaani kilichoharibika au kilichokufa. Wajerumani waliotawala sehemu ya Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walituachia maneno shule na hela, na hospitalini wakatuachia kaputi. Ndimi mbili zikakutana katika neno moja, na asikiaye huelewa mara moja: mtu amepelekwa nusu ya njia ya mauti, na atarudishwa.

Ganzi kwa upande wake halihitaji hospitali. Ukila embe bichi, meno huingia ganzi. Ukiukalia mguu kwa muda mrefu, mguu hufa ganzi. Tuangalie kitenzi hicho: hufa. Kutohisi kumeelezwa kwa lugha ya kifo hapa pia, ila kila mara kifo kimewekewa mpaka. Ganzi ni kufa kwa kiungo. Nusukaputi ni kufa kwa nusu.

Famakolojia inaunga mkono mgawanyo huo. Dawa ya ganzi inayotumika sana, lidokeini, ilitengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943. Neva hupeleka habari ya maumivu kwa kufungua vijilango vidogo vinavyoruhusu sodiamu kuingia ndani yake. Lidokeini huviziba. Jino bado linang'olewa na jeraha bado linashonwa, lakini habari haifiki kwenye ubongo. Mgonjwa yu macho, anapumua mwenyewe, na anaweza kujibu akiulizwa. Ni hivyo hivyo kwa sindano ya mgongo, ambayo August Bier aliianzisha huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898. Dawa huingizwa kati ya pingili za uti wa mgongo, na mwili hufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Ndiyo maana mama anayejifungua kwa upasuaji anaweza kusikia kilio cha kwanza cha mwanawe. Hakulala, wala hakupigwa nusukaputi.

Nusukaputi yenyewe hufanya kazi kwenye ubongo. Dawa kama propofoli na halothani huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo ambayo kazi yake ni kuzituliza chembe za neva. Chembe zikitulizwa kupita kiwango fulani, fahamu hupotea. Lakini kituo cha ubongo kinachoendesha pumzi nacho hutulizwa. Misuli ya koo hulegea, ulimi huweza kurudi nyuma na kuziba njia ya hewa, na uwezo wa kukohoa hutoweka. Ikiongezwa dawa ya kulegeza misuli ili mpasuaji afanye kazi vizuri, misuli ya kupumulia husimama kabisa, na kila pumzi hutoka kwenye mashine au mkono wa mtaalamu. Aliyelala hupumua mwenyewe, na ukimfinya, huamka. Huyu hafanyi lolote kati ya hayo.

Mfano ulio bora zaidi wa tofauti hiyo ni ketamini, iliyotengenezwa mwaka 1962, dawa inayotegemewa sana katika hospitali zetu za wilaya. Yenyewe haipiti njia ya GABA. Huzuia kemikali nyingine, glutamati, isipokelewe. Aliyepewa ketamini anaweza kuwa na macho wazi, mboni zikichezacheza, naye hajui kwamba anakatwa. Kwa kawaida pumzi yake huendelea, na njia za hewa hupanuka, ndiyo sababu ni msaada kwa mwenye pumu. Mtu mwenye macho wazi asiyehisi kisu hawezi kuitwa aliyelala. Yuko nusu huku, nusu kule.

Neno usingizi lina hatari nyingine iliyo karibu zaidi nasi. Kwa watu wengi, dawa ya usingizi ni kidonge kama diazepamu kinachomezwa usiku. Diazepamu nayo hupita njia ileile ya GABA. Aliyeimeza kwa siri kabla ya upasuaji, kisha akaongezewa dawa za chumba cha upasuaji na morfini ya kutuliza maumivu, pumzi yake inaweza kuzama kuliko ilivyotarajiwa. Jina moja linapobebeshwa vitu viwili, mgonjwa huweza kuulizwa swali moja akajibu jingine.

Wanaotetea usingizi wana hoja ya huruma. Wanasema nusukaputi linatisha, na mgonjwa tayari ana hofu ya kutosha. Naiheshimu hoja hiyo, lakini dawa ya hofu ni maelezo. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba atalala tu hataona ubaya wa kunywa chai ya maziwa alfajiri, maana nani aliwahi kudhurika kwa kulala ameshiba? Aliyeambiwa kwamba koo lake halitaweza kukohoa, na kwamba chakula kikipanda kitaingia mapafuni, ataelewa kwa nini anatakiwa kukaa angalau saa sita bila kula.

Basi rai yangu ni hii. Ganzi libaki kwa kila dawa inayozuia hisia mgonjwa akiwa na fahamu zake: ganzi ya fizi, ganzi ya mkono, ganzi ya mgongo. Nusukaputi libaki kwa hali ya kupoteza fahamu, na msimamizi wake aitwe mtaalamu wa nusukaputi. Usingizi tuuachie kitanda cha nyumbani na vidonge vyake.

Nawe msomaji, siku ikifika zamu yako au ya mzazi wako, uliza: ni ganzi au ni nusukaputi? Kisha mweleze mtaalamu bila kuficha saa uliyokula mara ya mwisho, kama una pumu, kama uliwahi kupata shida baada ya upasuaji, na dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba. Kwa muda utakaokuwa huna fahamu, pumzi yako itakuwa mikononi mwake, na majibu yako ndiyo atakayoyategemea.