Kanisa Lililogeuzwa Darasa



Wapendwa taifa la Mungu, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, Halmashauri ya Walei ilinijia na ombi ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni jema kabisa. Kanisa letu la zamani, ambalo tangu tuhamie hili jipya limekuwa ghala la viti na maturubai, ligawanywe kwa mbao lipate kuwa madarasa ya chekechea, na kule juu kwenye roshani ya kwaya pawe bweni dogo la wasichana. Sikujibu siku ile. Leo naomba niwasimulie habari ya parokia nyingine iliyowahi kuwa na wazo kama letu, ndipo mtaelewa kimya changu.

Parokia hiyo ni ya Bikira Maria Malkia wa Malaika, upande wa magharibi wa jiji la Chicago, nchini Marekani. Mwaka 1910 waamini wake walijenga jengo la matofali, chini likiwa kanisa na juu shule. Parokia ikakua, na mwaka 1939 lilipopatikana kanisa kubwa zaidi, jengo lote likafanywa shule. Mwaka 1951 likaunganishwa na bawa la pili kwa kiungo kipya. Kila hatua ilikuwa ya busara, tena ya kubana matumizi, kama ilivyo desturi yetu maparoko. Kwa nje lilikuwa jengo imara. Kwa ndani ngazi zilikuwa za mbao, sakafu za mbao zilizopakwa nta mwaka hata mwaka, na juu ya dari palikuwa na uwazi ambamo moto ungeweza kutambaa bila kuonekana.

Jumatatu tarehe 1 Desemba 1958, muda mfupi kabla ya saa tisa mchana ambapo watoto wangeruhusiwa kwenda nyumbani, moto ulianza katika pipa la takataka chini ya ngazi ya pembe ya kaskazini-mashariki. Nani aliuwasha, hadi leo haijathibitishwa. Ulifukuta kimya, kisha kioo cha dirisha la chini kikapasuka, hewa ikaingia, na ngazi ile ikawa bomba la moshi.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Kwenye ghorofa ya chini palikuwa na mlango kati ya ngazi na ushoroba, nao ulikuwa umefungwa. Kwenye ghorofa ya juu hapakuwa na mlango. Kwa hiyo moto uliipita ghorofa ya chini, ukapanda na kuujaza moshi mweusi ushoroba wa juu, ambao ndio ulikuwa njia ya kutokea ya karibu madarasa yote ya juu ya bawa lile. Waliokufa wote walikuwa juu: watoto 92 na masista watatu waliokuwa wakiwafundisha. Tofauti kati ya ghorofa mbili ilikuwa mlango mmoja.

Mengine yaliongezea msiba. Madirisha ya juu yalikuwa karibu mita saba na nusu kutoka ardhini, na vizingiti vyake vilikuwa virefu mno kwa watoto wadogo. Kengele ya shule haikuunganishwa na zimamoto. Mwalimu mmoja alimtafuta mkuu wa shule apate ruhusa ya kuipiga, asimpate, akawatoa kwanza watoto wake. Simu ya kwanza iliwafikia zimamoto saa nane na dakika 42, nayo ikataja nyumba ya mapadre badala ya shule. Walipofika pale penye watoto wakakuta uzio wa chuma wenye geti lililofungwa, wakalazimika kulivunja huku watoto wakiruka.

Palikuwa na darasa moja lenye mlango wa kutokea kwenye ngazi ya dharura, nao ulikuwa umefungwa. Sista hakuwa na ufunguo siku hiyo. Mtunza jengo alikimbia akaufungua, na darasa lile lote likaokoka. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi: watoto wa darasa zima wakining'inia kwenye ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mwingine.

Wala msidhani shule hiyo ilivunja sheria. La hasha! Ilikaguliwa na zimamoto Oktoba mwaka ule ule ikapita. Kanuni za jiji za mwaka 1949 zilidai ulinzi bora zaidi wa moto, lakini kwa majengo mapya tu. Ya zamani yaliachwa yalivyo. Papa Yohane XXIII, aliyekuwa na mwezi mmoja tu tangu achaguliwe, alimpelekea Askofu Mkuu Albert Meyer salamu za rambirambi. Mwaka uliofuata wazimamoto wa Los Angeles walichoma kwa majaribio shule iliyokuwa ibomolewe, wakaona jinsi vinyunyizio vya maji vya darini na ngazi zilizozibwa kwa milango zinavyowapa watoto nafasi ya kutoka. Shule mpya ya parokia ile, iliyofunguliwa mwaka 1960, ilikuwa na vinyunyizio hivyo.

Mtaniambia, Baba, hayo ni ya kale na ya ng'ambo. Basi tarehe 31 Agosti 2023, mjini Johannesburg, liliungua jengo la ghorofa tano katika mtaa wa Albert. Enzi za ubaguzi lilikuwa ofisi ya kudhibiti vibali vya watu weusi, baadaye likawa makimbilio ya wanawake, na mwishowe likagawanywa vyumba vya kupanga kwa vifaa vyepesi vinavyowaka upesi. Walikufa watu 76, na miongoni mwao walikuwamo Watanzania. Tume ya Jaji mstaafu Sisi Khampepe ililitia hatiani jiji lenyewe, mmiliki wa jengo, kwa uzembe wake.

Ombi la Halmashauri, basi, sijalikataa. Lakini roshani ya kwaya ina ngazi moja tu, ya mbao, inayoshukia pale mlipopanga kuweka jiko la uji. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa. Bweni pale juu sitaliruhusu mpaka ipatikane ngazi ya pili ya nje. Kuhusu madarasa ya chini, Jumamosi saa tatu asubuhi tutakutana pale na afisa wa zimamoto, ambaye amekubali kuja. Na aliye na ufunguo wa mlango wa sakristia ya zamani tafadhali aulete. Tangu Pasaka haujulikani ulipo.